Uso Wako Kwenye Jiwe la Twiga

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Pokea salamu zetu sote. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi huko ugenini kimepona? Sisi hatujambo. Mama analalamikia goti tu, na mimi nimemaliza shule, nashinda nyumbani nikisubiri matokeo.

Jana mtaa wetu ulizindua jiwe la kumbukumbu ya ndugu yetu Twiga. Limesimamishwa njia panda, mbele ya duka la mikate, pale alipopenda kupiga soga kabla hajaenda jeshini. Watu walijaa hadi kwenye ngazi za posta. Wenzake wa kikosini walikuja na sare zao, wakapiga saluti. Kinyozi wetu alilia kuliko wote, akisema hatapata tena kichwa cha kumpandisha juu ya kigoda.

Nilitakiwa kusoma maneno machache. Unanijua, sauti iligoma. Mama akanisukuma kidogo mgongoni, nikasoma huku nikiangalia viatu vyangu.

Kisha kitambaa kikavutwa, na uso uliochongwa pale ulikuwa wako.

Usicheke, Kaka. Mwenyekiti wa mtaa alimpelekea mchongaji ile picha ya sebuleni mliyopiga wawili mlangoni. Twiga ameinama anacheka, mkono mdomoni. Wewe umekakamaa, kifua mbele. Mchongaji ni mgeni hapa, na wala hakuuliza. Aliona askari hawezi kuwa mwingine ila yule aliyekakamaa. Watu walipiga makofi, maana umeondoka siku nyingi na mmefanana. Mama alisogea, akakupapasa shavu.

Jioni mchongaji alikuja kuomba radhi, kofia mkononi.

"Mama, kesho nakuja na tindo, nautoa wote, nachonga upya."

"Humgusi huyo."

"Lakini mama yangu, huyu siye marehemu!"

"Najua siye. Nimewazaa mwenyewe. Ila na huyu naye simwoni. Mwache."

Leo asubuhi Mama alikwenda kulifuta jiwe vumbi, nikamfuata. Mtu alikuwa ameweka maua mbele ya uso wako, Kaka, na wewe u hai. Niliyaondoa haraka. Halafu nikaona aibu, nikayarudisha chini, karibu na jina la Twiga.

Namwonea huruma Twiga. Amekufa akilinda wengine, na hata kwenye jiwe lake hayupo. Picha yake pekee akiwa na sare ni ile aliyokutumia wewe. Mama amekubali uso ubadilishwe, ila kwa sharti moja: wewe kwanza usimame pale, akuone kwa macho yake.

Na mimi pia nataka kukuona. Nilikuwa mdogo ulipoondoka, na jana nilipokutazama niligundua kwamba nilishaanza kuisahau pua yako.

Bibi anakusalimu sana, na seremala pia. Kinyozi anasema kiti chako bado kipo. Mungu akufunike kazini na njiani.

Ile picha usiitume kwa posta, Kaka. Ilete.

Ni mimi mdogo wako nikungojaye,
Kimya