Watoto Watatu Niliowaficha Shambani

Jumatano, hapa Tawa. Jua limetuchoma tangu asubuhi na upepo ni vumbi tupu. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, na chai niliyojipikia imepoa nikiiangalia tu.

Leo nimejidharau.

Mkufunzi wetu, yule mama aliyetufundisha kwenye semina ya likizo jinsi ya kusomesha Kiingereza, alikuja kunitazama nikifunza gredi ya tatu. Kule semina mimi ndiye niliyeinua mkono kila mara. Mdomo wangu huu! Nilijigamba mbele ya walimu wenzangu kwamba darasa langu lote linasoma.

Halisomi lote. Mutheu na wenzake wawili bado wanahangaika na sentensi moja. Basi asubuhi, kabla mgeni hajafika, niliwatuma kwenye shamba la shule wakavune ndengu. Niliwaambia kwa sauti tamu, utadhani nawapa zawadi.

Waliobaki walisoma Kiingereza kama maji. Mkufunzi akapiga makofi.

"Madam, hii class imenifurahisha sana. Na wale wanalemewa wako wapi? Nilikuwa nataka tukae na wao leo, nikuonyeshe vile unaweza kuwasaidia."

"Sina," nikamjibu.

Sina! Msaada wenyewe ulinifikia hadi mlangoni nikaufukuza. Kisha akaniomba Ijumaa nifunze darasa hilohilo mbele ya walimu wa shule jirani, nami nikakubali huku nikitabasamu.

Gari lake lilipoondoka tu, Mutheu alinijia mbio, sweta limejaa maganda ya ndengu.

"Teacher, tumepita?"

Tumepita. Alijihesabu na yeye.

Nilimpangusa vumbi usoni, na yeye akadhani nina wasiwasi, akanituliza: "Wageni wakikuja tena, sisi tutaenda tu shamba. Hatutakuangusha."

Kumbe alijua. Mtoto wa umri ule alijua kwa nini nilimtoa, na hakukasirika.

Nimeona aibu mpaka sasa masikio yanawaka. Kesho kabla ya kengele nitampigia mkufunzi simu nimwambie ninao watatu, na Ijumaa aje akae nao mbele ya kila mtu. Wenzangu watanicheka. Wacha wacheke.

Mutheu nitamketisha dawati la mbele kabisa. Na ninajua atakaa pale, kitabu mkononi, akiogopa kuniangusha.