Matundu ya Boti ya Skola

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanika ulezi niliokuja nao toka Milanzi, nikarudi ufukweni kumtazama mwanangu Skola. Boti ndogo ya tanga, kaiunda mwenyewe. Nani mwingine hapa Kabwe kazaa fundi kama huyo? Ubaya mmoja tu: wimbi likirukia nyuma, pale anapokaa mshika usukani, maji hayatoki. Matundu membamba, magamba ya samaki yanaziba. Baba mkwe wake, mwenye mbao, kasema pakijaa tena boti anampa mwanawe mdogo wa kiume. Roho imeniuma.

Jumatano, 5 Juni
Matundu kayapanua, kachomeka vipande vya bomba. Mumewe Deo akakaa nyuma, ndoo zikamwagwa, maji yakatoka mbio. Deo akashuka, nikakaa mimi. Mama mkwe na mkwewe goti kwa goti kwenye kiboti? Kwetu haiwezekani. Maji yakatoka tena. Nikapiga vigelegele mpaka wauza dagaa wakageuka.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu. Mzee, baba yake Deo, alitaka kuona boti na mzigo wa kweli. Magunia ya mahindi, Deo, na yeye mwenyewe. Nyuma ikazama, maji ya ziwa yakapandia matundu yale yale.
"Mkamwana, hii ndoo umeifunga tanga!"
Watu wakacheka. Skola hakulia. Nililia mimi. Kapewa mpaka Jumamosi, basi.

Ijumaa, 7 Juni
Kosa kalijua: tulipima mtu mmoja mmoja. Akapakia magunia.
"Mama, kaa na Deo. Heshima iache mchangani."
Nikajitanda kanga, nikageuza uso. Deo naye akakodolea milima ya Kongo kama kapoteza ng'ombe huko. Skola, maji kiunoni, akakwaruza kwa msumari pale ziwa lilipofikia. Kisha sakafu ya nyuma kaiinua juu ya alama, matundu pia. Kwa nje ulimi wa mpira wa tyubu: maji yatoke, yasiingie.
Unene wangu nao ni fundi. Waseme watakavyo.

Jumapili, 9 Juni
Nimetoka misa. Jana Skola katoka na Mzee na magunia yale. Upepo ulikuwa mkali, wimbi likamlowesha Skola mpaka kichwani. Maji yakashuka, yakaisha. Walipofika ufukweni Mzee akamsaidia kukunja tanga, akaondoka, boti akamwachia.
Skola amelala. Viganja vyote malengelenge. Nimempaka mafuta, hakuamka.