Askari Arobaini wa Risasi

Jumanne, 12 Februari 1946
Wawili leo. Mmoja ametoka hana bunduki, nimemrudisha motoni. Mfupa wa dome, yule ngisi mkubwa, ndio kalibu yangu ya kusubia, nao hautaki haraka. Ukikandamiza kiolezo kwa papara, pande mbili hazikutani, na risasi niliyoiyeyusha inavuja ubavuni. Najua haya miaka minane, na bado nimefanya papara.

Eda imebaki siku thelathini na mbili. Sitoki, sipaki wanja, sijifukizi udi. Mwenye daftari hili ni mjane wa Shee sonara, na nashinda uani penye mvukuto wake. Wakati wa vita Shee alikuwa akitengeneza saa za maofisa kambini. Huko akauona mchezo wao: meza ya mchanga, vijiaskari, ufito wa kupimia hatua. Akarudi akamfundisha nduguye Hamisi. Kila Ijumaa baada ya alasiri walikuwa wakipigana hapa ukumbini, wakirusha kauri kujua nani kafa. Hamisi ana jeshi la arobaini. Shee alianza jipya la kumkabili. Alimaliza saba, homa ikamchukua.

Mimi namalizia. Hakuna aliyenituma.

Ijumaa, 15 Februari
Hamisi amekuja kutoka Magogoni na Mzee Abdalla, mkubwa wa masonara wote wa huku Kisauni. Mimi nyuma ya pazia. Hamisi hakuzunguka: eda ikitoka vyombo vya Shee viende kwake, kazi ya moto si ya mwanamke. Nikajibu kuwa hiyo kazi nimeifanya tangu siku ya kuolewa, mikufu mingapi aliyoisifu yeye mwenyewe ni yangu. Akacheka. Wallahi nilitamani nimtupie koleo.

Mzee Abdalla akasema maneno ya maana. Nimalize jeshi alilolianza Shee kwa mkono wangu kabla ya kutoka eda, naye alikague. Likiwa la fundi, vyombo vibaki. Nimekubali. Risasi aliyoacha Shee inatosha.

Jumapili, 17 Februari
Kumbe haitoshi. Hamisi ametuma neno kwa Omari, mdogo wangu, anayefanya kazi ya reli Changamwe na huja kwangu Jumapili. Asema wale saba ni mkono wa nduguye, hawahesabiki. Nitoe arobaini wangu. Mzee Abdalla amekubali.

Ana haki. Ndilo linaloniuma. Shee aliweka risasi ya arobaini, saba ameshawasubu, mimi nimebaki na ya thelathini na tatu. Omari ameahidi kuulizia chubwi, zile risasi za kuzamishia mishipi, kwa wavuvi.

Alhamisi, 21 Februari
Nimeungua. Mfupa ulikuwa na unyevu, sikuukausha vya kutosha, risasi ikaruka. Mkono wa kulia, kutoka kidole gumba hata kiwikoni. Nimepaka asali. Sikulia, nilitukana.

Jumatatu, 25 Februari
Wa kumi na nne. Nimempiga tupa ya kulainishia kwa mkono mbovu na bega lake limekwenda upande. Nimemwacha. Siwezi kumrudia, kila kurudia kunakula risasi kidogo.

Sura hana, kama wenzake wote. Shee hakutaka masanamu yenye macho nyumbani mwake, na mimi sitaki. Kofia, bunduki, miguu, basi.

Jumapili, 3 Machi
Omari amekuja mikono mitupu. Tangu vita risasi imeadimika, na mvuvi hatoi chubwi yake kwa mchezo wa mezani. Mmoja kamuuliza kama dadake ni mzima wa akili. Omari akacheka akinisimulia. Mimi sikucheka. Nikamgombeza mpaka akaondoka bila kula, na sasa najuta.

Jumatano, 6 Machi
Thelathini na tatu. Chungu kimekauka. Nimekwangua kijiko, nimefagia sakafu, nimechekecha majivu. Sikupata hata ya kofia.

Wale saba wa Shee wamo kwenye kitambaa, ndani ya sanduku langu. Nimewatoa nikawatazama. Nikawarudisha haraka.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wa Hamisi amekuja kunitazama. Aliketi, akanywa kahawa, macho yote kwenye mvukuto. Akauliza kama ni mzito kubeba. Watu hawa wameshapanga pa kuuweka!

Nahofia. Nikitoka eda bila vyombo nitakuwa mtu wa kukaa kwa ndugu, mara kwa huyu, mara kwa yule, nikisubiri niambiwe chakula tayari. Sitaki. Naandika wazi: sitaki.

Jumatatu, 11 Machi
Nimefanya. Asubuhi, baada ya kufungua kinywa. Nilisoma Fatiha, nikawatia saba chunguni. Nilidhani watachukua muda. Wanayeyuka upesi mno.

Kilichobaki duniani cha mkono wa Shee kilikuwa hicho. Mikufu yake imo shingoni mwa watu, sitaiona. Nilimwambia kwa sauti: nisamehe, ndiwe uliyenifundisha. Kisha nikasubu, maana risasi ikipoa ni kazi bure.

Saba wametoka safi. Hata mmoja hakuharibika. Nimewachukia kwa hilo.

Alhamisi, 14 Machi
Rangi. Makoti kwa rangi ya ukili, ile ya kutilia mikeka, nimeikoroga na gundi. Viatu nimewapaka wanja wangu, umekaa bure miezi minne. Askari wamejipamba, mwenyewe nimekatazwa. Shee angecheka.

Arobaini. Kesho.

Ijumaa, 15 Machi
Mzee Abdalla alikagua mmoja mmoja, kwa miwani ya kazi. Nyuma ya pazia nilisikia kila alipomweka mtu chini. Mara arobaini. Mwisho akasema, "Huyu ni fundi. Hamisi, vyombo viache."

Hamisi hakubisha. Akauliza, "Na wale saba wa kaka wako wapi?"

Omari, aliyeingia muda huo kutoka kazini, asiyejua kitu, akadakia: "Si wamo mumo humo?" Nikamsikia Hamisi akiwapekua mezani, polepole. Kisha, "Huyu. Huyu ni mkono wa kaka. Lione bega lile, si kama la wengine." Akalia. Mtu mzima yule, mbele ya mzee, alilia kwa sauti. Nikachungulia ukingoni mwa pazia. Alikuwa ameshika wa kumi na nne wangu, na hesabu ya arobaini hakuna aliyeikumbuka tena.

Ningeweza kusema. Ningemwaibisha vizuri. Nikasema, "Mchukue, shemeji."

Jumamosi, 16 Machi
Eda imetoka. Mashangazi wameniogesha, wamenifukiza, wamekula, wamekwenda zao. Nyumba kimya.

Nimewapanga mezani thelathini na tisa. Nimewatafuta wale saba wa mwisho nikawajua, nikawaweka kando. Nikawashika. Ni kazi yangu tu, sikuona chake ndani yao. Hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu siku ile ya mazishi.

Alasiri Hamisi ametuma neno. Anataka tuanze tena vita Ijumaa, Omari anisogezee askari, mimi niamrishe kutoka nyuma ya pazia. Yule wa kaka atakuja naye, asema apigane upande wangu, kisha atarudi naye nyumbani.

Nimemjibu aje, kahawa itakuwapo.