Risasi Mbili Zilizoingia

Misungwi,
16 Agosti 1994

Dada yangu Dorotea,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Musoma. Sisi tunapumua, ila mama presha imempanda. Nisamehe mwandiko, karatasi mbili nimeshazichana kwa hasira.

Baba amekamatwa. Ijumaa alikuwa anatoka porini na ile bunduki yake ya marisau, kufukuza nguruwe pori wanaomaliza mihogo ya mama. Njiani akakutana na bwana nyama mpya wa idara ya wanyamapori, anaitwa Chenge. Kibali cha baba unakijua: bunduki isiweze kubeba zaidi ya risasi tatu. Ndiyo maana fundi aliiwekea kijiti ndani, zikifika tatu pamejaa. Chenge alizikuta tatu, sawasawa. Kisha akachukua mbili kwenye mkoba wa baba, akazisukuma. Zikaingia. Kijiti hakikuwamo.

Wakati huohuo ikapita gari ya kampuni mpya ya uwindaji, imebeba wageni wanne. Jirani yetu Kashindye alikuwapo. Anasema bunduki ya mmoja wao ilikuwa na kisanduku cha risasi kirefu kama mkono wa mtoto. Chenge akapiga saluti! Baba akamwuliza, "Na hao mbona huwahesabii?" Akajibiwa kwamba wale ni wawekezaji, yeye ni jangili. Jangili, dada! Mzee Luhende, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hajavuka kibali chake hata kwa kanga mmoja! Ndilo soko huria hilo tunaloimbiwa redioni? Wenye magari wapite, mzee afungwe pingu mbele ya wajukuu zake?

Nilikwenda kumwona mahabusu. Analala sakafuni, goti limevimba. Nilipotoka nikamkuta Chenge kivulini anakunywa soda, nikamtolea maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatamka barabarani. Akacheka. Akaniambia nisijisumbue, baba yangu ameshaandika maelezo kwamba kijiti alikitoa mwenyewe.

Dada, baba amedanganya. Nilikitoa mimi.

Likizo ya Pasaka, nikiisafisha ile bunduki, niliona risasi tatu hazitoshi kwa kundi zima la nguruwe. Nikakivuta kwa koleo, nikakitupa. Sikumwambia, nikijua atakataa. Zile mbili zilipoingia alielewa palepale, maana hakuna mwingine anayeifungua. Kule mahabusu nilianza kumwambia, akanikatiza: "Wewe rudi ukafundishe." Nikarudi. Tena nilirudi nikiwa nimefarijika, na hilo ndilo linalonichoma. Siku nne nimemtukana Chenge kwa kila aliyekubali kunisikiliza, na sikuthubutu kumweleza hata mtu mmoja niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Kesi ni Jumatatu. Nitasimama niseme ukweli, na nitaieleza mahakama kuhusu ile gari pia, wapende wasipende. Kazi ikienda, na iende. Usimtume mtu kunizuia. Ila nakuomba uje kabla ya siku hiyo ukae na mama, kwa sababu huenda jioni akampokea mume akamkosa mwana, na bado sijapata ujasiri wa kumwambia.

Barua hii nampa kondakta wa basi akufikishie mkononi. Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Nkwabi