Ubatizo wa Mama Kaluki

Mwala,
Jumatatu asubuhi

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na ndugu wote wa kanisa hapo Mlolongo. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie ninakula vizuri. Hapa ukikataa sahani ya pili ya muthokoi, watu wanadhani umekasirika.

Mimi ni mzima, ila jua limenichoma hadi masikio. Najua utashangaa kwa nini nimeandika barua ilhali simu tunazo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe huanza kuniombea kabla sijamaliza kusema, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Kazi ya Bwana inaendelea, lakini si kama tulivyoipanga mezani kwako. Nilikuja na mahubiri ya mwaka mzima kwenye begi. Siku nyingi sihubiri kabisa. Nafuata wenyeji wanakokwenda, kutafuta mbuzi aliyepotea au kumbembeleza punda aliyegoma na mkokoteni. Reuben, mzee wa kanisa, aliniambia kwamba watu walianza kunisikiliza Jumapili baada ya kuniona nikiteremsha mitungi ya maji siku za kazi. Nilijiona mdogo, kisha nikacheka.

Maji ndiyo maisha ya hapa. Mto umekauka, lakini kuna ukuta uliojengwa kuzuia mchanga, na maji hujificha chini ya mchanga huo. Wanawake huchimba shimo, wakasubiri maji yajikusanye, kisha wakateka kwa zamu. Asiye na subira hurudi na mtungi mtupu.

Sasa nikueleze kuhusu Mama Kaluki. Ni mjane, anaugua moyo, na tangu nije ananiita mwana wakwa kana kwamba alinizaa, na kunigombeza kwa kutovaa kofia. Mwezi uliopita aliomba abatizwe, kwani daktari alimwambia asipange mambo ya mbali. Nilifurahi sana, Baba, maana alikuwa wangu wa kwanza. Vijana walichimba mchangani mahali pa kumzamisha, wakatandika turubai, tukaanza kulijaza maji tangu alfajiri.

Kufikia saa nne maji yalikuwa kiunoni, na shimo la kutekea lilikuwa limekauka. Hapo akaja Nduku, jirani yetu Mkatoliki, na mbuzi wake. Hakugombana na mtu. Alilitazama turubai, akaona tuna shughuli ya Mungu, akaanza kuwarudisha mbuzi nyumbani. Mama Kaluki alikuwa ameketi ukingoni na kanzu yake nyeupe. Akaniita.

"Pasta, hizo mbuzi za Nduku zitalala na kiu juu yangu," akasema. "Sasa nitatoka hapo nimeoshwa aje?"

Nilimweleza kwamba tungeweza kungoja mvua za Novemba. Akaniambia mvua hizo anazifahamu, huja zikipenda, na moyo wake haujawahi kuahidiana nazo. Wala hakutaka kuingia kwenye maji aliyomnyima jirani.

Jioni ile ulinitumia ujumbe wa pongezi, ukauliza kama maji yalikuwa baridi. Sikukujibu. Baba, maji ya turubai waliyanywa mbuzi. Mimi nilichota kikombe kimoja cha bati, nikammiminia Mama Kaluki kichwani, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mbele ya watu wote. Alilia, nami nikalia. Nduku ndiye aliyemshikia kanzu isiburute mchangani.

Kanuni yetu naijua: anayebatiza bila kuzamisha hawekewi mikono ya uchungaji. Na wewe ndiwe mwenyekiti wa kamati itakayokaa Agosti. Sikuandikii ili unifiche wala unitetee. Ninaogopa, kwa sababu tangu utotoni nilitamani mikono ya kwanza kichwani pangu siku hiyo iwe yako. Lakini nikirudishwa pale ukingoni leo, nitakichukua kikombe kile tena.

Mama Kaluki anakusalimu sana. Anauliza kama mchungaji aliyenizaa anapenda kunde, kwani amekuwekea debe. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na wote wanaoniulizia waambie nawakumbuka.

Nina ombi moja tu. Mwenyekiti atanijibu Agosti. Wewe nijibu mapema, kama baba.

Mwanao akupendaye,
Kiema