Kizuizi cha Tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza malalamiko, na yule jirani amemaliza kutoboatoboa ukuta wake. Sisi huku wote wawili tu wazima. Nasema "wote wawili" kwa kukusudia, na naomba ulishike neno hilo wakati unasoma yanayofuata. Baba amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, katika chumba cha ghorofa ya pili cha nyumba ya wageni, dirisha linatazama kituo cha mafuta. Amekula vizuri, amelala vizuri, na tangu asubuhi ananisomea namba za magari yanayoingia kujaza mafuta, moja baada ya nyingine, mpaka nimemwomba aniache niandike.

Kwenye simu nilikwambia tumekwama kwa sababu tunasubiri kipuri. Pikipiki zote mbili ni nzima, Mama. Nimeona nikuandikie kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza, na wewe ukinikatiza huwa nasema uongo mfupi ili nimalize haraka. Barua nampa dereva wa basi linalovuka mpaka. Tafadhali usimpigie Kaka kabla hujafika mwisho wake.

Nianze tulipovuka. Unamjua Baba. Miaka zaidi ya thelathini ametengeneza pikipiki za watu, akizijaribu mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, kisha wenyewe wanamletea hadithi za huko walikofika. Siku ile pale mpakani alisimama kama bwana harusi, koti limefungwa mpaka shingoni, na jua lilivyokuwa kali. Afisa wa dirishani, mama mmoja mwenye maneno machache, alitugongea mihuri, akatukatia bima ya nchi yao, kisha akatueleza sheria za barabara. Nilimsikiliza kama mwanafunzi, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha watu udereva.

Huku wanaendesha upande wa kulia. Barabara kuu zina vituo vya tozo, na pikipiki inalipa nusu ya gari dogo. Kila pikipiki inalipa peke yake hata kama mmefuatana. Kizuizi kikiinuka apite mmoja tu, kishuke kwanza, ndipo wa pili asogee alipe. Stakabadhi usitupe, kituo cha mbele wanaweza kuiomba. Mengine tulijifunza wenyewe. Sarafu zikae mfuko wa kushoto wa koti, kwa sababu kibanda kipo kushoto na mkono wa kulia una kazi ya breki. Glovu ivuliwe kabla hujafika dirishani, la sivyo utapigiwa honi na foleni nzima. Na usipite katikati ya njia ya kulipia, maana magari yakisubiri hudondosha oili hapohapo katikati, tairi la pikipiki likikanyaga linateleza kama limepakwa sabuni. Fuata pale yalipopita matairi ya magari.

Kituo cha kwanza Baba alimsalimia karani kwa kirefu, akamuuliza habari za nyumbani na za kazi, helmeti bado ipo kichwani, huku nyuma malori mawili yananguruma. Karani alicheka, akamwambia apite tu mzee wangu, habari atazipata akirudi.

Siku mbili hizo, Mama, sikumbuki kumwona Baba vile. Alikuwa anaimba ndani ya helmeti, tukisimama kwenye taa watu wanageuka. Jioni tukifika mahali pa kulala anachuchumaa kando ya pikipiki yake na kuipapasa mnyororo kwa vidole, anasikiliza injini ikipoa, anasema, "Hii nayo imefurahi." Mpango wetu ulikuwa mimi mbele, yeye nyuma. Alisema mwalimu ndiye anayetangulia. Nilivaa kile kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa, na kila makutano niliinua mkono mapema ili ajue tunakoelekea.

Siku ya tatu, asubuhi, tulifika kituo cha tatu, kikubwa kuliko vyote, njia sita, na jua liko mbele yetu usawa wa macho. Nililipa. Kizuizi kikainuka, nikapita. Nikasikia nyuma yangu kishindo kama cha mlango wa kabati, halafu chuma kikikwaruza lami, halafu breki za lori. Nilipogeuka, Baba yuko chini na pikipiki imemlalia mguu.

Hakungoja kishuke. Alinifuata moja kwa moja, gurudumu lake karibu ligusane na langu, na ule mti wa kizuizi ukashuka juu ya helmeti yake. Aliposhtuka alikanyaga breki pale katikati penye oili. Lori la nyuma lilisimama, Mama. Lilisimama umbali unaozidi kidogo tu urefu wa kitanda chako. Dereva wake alishuka akaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara.

Usiogope. Mguu ulichubuka tu, buti liliokoa kifundo. Alinyanyuka mwenyewe, akaanza kujipangusa na kuomba radhi kwa kila mtu, anasema jua lilimpiga machoni. Nami nikaitikia haraka kwamba kweli, lile jua ni baya, nikainua pikipiki yake, nikaiwasha, nikataka tuondoke hapo.

Karani wa kile kibanda alikuwa ametoka nje. Mwanamke wa makamo, sweta mabegani, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Hakupiga kelele. Alikuja akasimama mbele ya Baba, akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Mzee, ile taa juu ya kibanda changu ni ya rangi gani?"

Baba akainua uso. "Kijani."

"Una hakika?"

"Kijani, binti yangu. Ndiyo maana nikapita."

"Ile taa imeharibika tangu wiki iliyopita," karani akasema. "Haiwaki rangi yoyote."

Kisha akanyoosha mkono, akazima pikipiki ya Baba, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwa sweta. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia hana mamlaka ya kuchukua mali ya mtu, yeye si polisi. Akanijibu kwamba ni kweli si polisi, na kama nataka polisi wako umbali wa dakika tano, atawaita wao wamuulize mzee habari ya taa. Au naweza kumpeleka mzee hospitali ya macho iliyo katika mji ulio mbele, naye ufunguo atautunza mpaka nirudi na karatasi ya daktari. "Chagua wewe," akasema. "Mimi nina foleni."

Nilimtazama Baba nikidhani atabisha. Hakubisha. Alivua helmeti, akakaa kwenye ukingo wa barabara karibu na yule dereva wa lori, wakawa wawili pale kama watu waliotoka msibani. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Twende tu. Nimechoka kubahatisha."

Gari la kuvuta magari mabovu likapakia pikipiki zote mbili, likaziweka kwenye uwanja wao mjini, na sisi likatufikisha hospitali. Njiani Baba alisema jambo ambalo hajawahi kulisema mbele ya mtu. Alisema ukungu ulianza miaka miwili iliyopita, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto likafuata. Na kwa kuwa babu alipofuka akiwa na umri kama wake, aliamua kwamba urithi wake ndio huo umefika. Hakwenda kwa daktari kwa sababu hakutaka kuambiwa. Alitaka kwanza aione safari hii, halafu giza lije limkute ameshaiona.

Daktari wa macho ni mtu mfupi, anaongea taratibu kama anayemvalisha mtoto shati. Alimpima saa nzima kwa mashine tatu tofauti, mimi nikiwa nje kwenye benchi nikihesabu vigae vya sakafuni. Alipotuita, Baba alikaa amenyooka, mikono juu ya magoti, kama anasubiri hukumu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho. Yote mawili, la kulia limekomaa. Akasema kama babu angezaliwa siku hizi, huenda naye asingepofuka. Wanatoa ile lenzi iliyochafuka, wanaweka mpya, dakika ishirini, mgonjwa yuko macho, jioni anakwenda zake. Baba akamwomba arudie. Akarudia. Baba akamwomba mara ya tatu, safari hii akinishika mkono.

Walimfanyia jicho la kulia siku iliyofuata. Sasa ni siku ya nane tangu apasuliwe. La kushoto daktari anashauri lifanyike huko nyumbani baada ya wiki kadhaa. Ndiye Baba aliyesema nikwambie tunasubiri kipuri. Alisema si uongo, kipuri chenyewe ni lenzi, na kwa mara ya kwanza fundi ndiye aliyefunguliwa.

Sasa nifike mahali ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua.

Ulimruhusu Baba aende kwa sharti moja, kwamba niende naye. Ulisema ukijua niko naye utalala usingizi. Mama, mimi nilijua. Sikujua kwamba ni mtoto wa jicho, wala habari ya babu sikuijua, lakini kwamba haoni vizuri nilijua kabla hatujatoka.

Unakumbuka alipokwenda kubadilisha leseni. Kwa umri wake ni lazima apimwe macho, asome herufi za ubaoni. Kwenye ubao ule nimewapeleka wanafunzi wangu mamia, naujua kama jina langu. Alinijia jikoni, wewe umekwenda kwa fundi viatu, akaniuliza herufi zimepangwaje. Aliuliza mara moja tu, na hakunitazama. Nami sikumuuliza kwa nini. Nilimfundisha mstari kwa mstari kwa kuimba, mpaka wa tano, nikipiga mdundo kwenye sufuria. Siku ya kupimwa alizitoa zote bila kukosea. Mpimaji alikuwa bado ananyoosha fimbo kwenye mstari wa tatu, yeye keshaanza wa nne. Mpimaji akacheka, akasema mzee huyu anasoma mbele ya fimbo yangu, akagonga muhuri. Nami nilicheka. Tulitoka pale tumeshikana mabega.

Najiambia nilimhurumia, na ni kweli. Lakini nusu nyingine ya ukweli ni kwamba niliitaka safari hii pengine kuliko yeye. Kaka alimpata Baba angali kijana. Mimi kitindamimba nilimpata akiwa miguu miwili inayochungulia chini ya pikipiki ya mteja, nikimpitishia spana. Nilitaka siku kumi za kuwa naye barabarani, yeye na mimi tu, na nilijua nikisema neno moja kwako hazitakuwepo. Kwa hiyo nikavaa kizibao king'aacho nikawa jicho lake, nikajidanganya kwamba mwalimu wa udereva anaweza kuona kwa niaba ya watu wawili. Na lori lile lilisimama umbali nilioutaja. Kila nikifumba macho ninaupima upya.

Nisamehe. Sitaki uniambie umenisamehe kwenye simu. Nitakuja, nitakaa mbele yako, utasema unachotaka, nami sitajitetea.

Jana nilirudi kwa yule karani na karatasi ya daktari. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya shukrani, lakini alikuwa na foleni, akanipa ufunguo kupitia dirishani, akauliza, "Anaona?" Nikasema anaona. Akasema vizuri, nami nisogee, gari la nyuma linasubiri. Nilipofika mbele nikasimama pembeni nikalia ndani ya helmeti, kilio kile cha mtu aliyeshusha mzigo mzito.

Kuna jambo moja Baba ananishikilia nikuulize. Walipomtoa bandeji alinitazama mimi kwanza, akasema kumbe nina mvi mbili na sikumwambia. Halafu akaniuliza ni nani aliyepaka rangi nyeupe kwenye kingo za ngazi za nyumba yetu mwaka jana. Na ni nani aliyeanza kumwekea kikombe chake palepale, kulia kwa sahani, kila siku bila kukosa. Nikasema sijui. Akasema, "Mimi najua. Na ndiyo maana alikutuma wewe." Sijui kama ni kweli, Mama. Kama ni kweli, basi tulikuwa watu watatu nyumba moja, kila mmoja anamfichia mwenzake kitu kilekile. Utatuambia ukipenda.

Daktari amemkataza pikipiki kwa sasa. Yake itakuja juu ya lori, nami nitaendesha yangu taratibu nyuma ya basi lake. Jumamosi, saa nane mchana, stendi ya mabasi. Uje na Kaka, na akiwa na hasira aje nayo, tutaipokea. Ila Baba ana ombi. Watu wakianza kushuka, usimpungie mkono wala usimwite. Simama tu popote utakapopenda katikati ya watu. Anasema atakutafuta mwenyewe.

Wasalimie wote wanaotuulizia, na uwaambie tunarudi tukiwa kamili.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba