Kahawa ya Babu Yake Ghaith

Ibra, 12 Januari 2024

Mjukuu wangu Najla,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, ila magoti yananitesa kwa baridi hii. Wewe na wanafunzi wako hapo Nizwa hamjambo?

Wageni wako wamekuja kuposa. Ami yako Khalaf aliwapokea majlisi, nami nikachungulia nyuma ya pazia. Ghaith nilimkagua kuanzia viatu mpaka kofia, sikuona kasoro, na hilo lenyewe limenitia shaka. Halua waliyoleta nilimwonjesha paka kwanza. Yu mzima.

Lakini babu yake! Mposaji hukiweka kikombe chini, hagusi kahawa mpaka mwenye nyumba amwambie, "Kunywa, ombi lako limekubaliwa." Mzee huyu kumiminiwa tu, akainywa yote, akashukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Na posa hajaitaja bado! Watu gani hao wasiojua hata hilo? Kuna kitu unanificha, Najla.

Bibi yako,
Maulida

Nizwa, 19 Januari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti, mwambie jirani yako Wijdan akukande. Mimi sijambo, ila usingizi sipati.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Ghaith ni Mzatuti. Ukoo wao ni wale wahunzi na wapiga ngoma, ambao wengine husema ni jamaa na Waroma, wale wahamaji wa Ulaya. Leo Ghaith ni mhandisi na dada yake Maha ni mkunga, lakini watu wakisikia jina la ukoo hurudi nyuma hata sasa.

Babu yake amefua visu na kupiga ngoma kwenye harusi za watu tangu ujana wake. Hakuna aliyemkaribisha majlisi. Kahawa aliletewa nje, katika kikombe cha peke yake. Adabu ya kukiweka kikombe chini angejifunzia wapi? Alidhani mtu akimiminiwa ndani amekwisha kukubaliwa.

Baba hayupo duniani, na walii wangu wa kuniozesha ni Ami Khalaf. Yeye ni mwanao, anakusikiliza wewe. Nakuomba, Bibi, mwambie akubali.

Mjukuu wako,
Najla

Ibra, 22 Januari 2024

Najla,

Salamu. Mimi mzima.

Mzatuti! Nilijua tu. Nimemwambia Khalaf akatae, naye amekataa. Usije ukanililia hapa. Wewe hujui watu wanavyochimba asili za wenzao.

Bibi yako

Nizwa, 3 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumai u mzima, maana simu zangu zote hizi hukupokea.

Nimekwenda mahakamani. Nimemshitaki Ami Khalaf kwa kunizuilia ndoa. Amemwambia hakimu kwamba Ghaith si sawa nasi kwa asili, na amekutaja wewe kuwa shahidi wake. Kesi inasikilizwa Jumatatu ijayo.

Njoo uyaseme, lakini uyaseme ukinitazama. Nimejaribu kukuchukia nimeshindwa.

Mjukuu wako,
Najla

Ibra, 5 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti hayajambo, moyo ndio mbaya.

Nitakuja. Wijdan atanileta kwa gari yake. Ya Khalaf sipandi.

Nilikuwa na hofu, Najla. Tuliporudi huku Omani kutoka Unguja kila mlango tuliulizwa sisi ni wa nani. Baba yangu akataja kabila lake, tukapita. Habari za mama hakuna aliyeziuliza, alikwisha kufa kulekule, nasi tukashukuru kimya kimya. Alikuwa Myao, akiuza maandazi mtaa wa Ng'ambo, na bibi yake aliletwa Unguja akauzwa. Nikaona wakianza kumchimba Ghaith, jembe litafika kwetu. Khalaf mwenyewe hayajui haya. Anajigamba kabila mpaka naona haya.

Jumatatu hakimu akiniuliza kama watu wale ni sawa nasi, nitamwambia kwanza mama yangu alikuwa nani, na Khalaf asikie. Kisha aniulize tena.

Bibi yako,
Maulida